Konsoli ya mkononi imekosa sauti: anza na hedifoni, si na bisibisi

Konsoli inawaka, picha ipo, vitufe vinaitikia, gemu inachezeka, lakini kimya. Au sauti ipo, ila inakwaruza kama redio iliyokaa pembeni ya stesheni. Wengi wakifika hapo huagiza spika mpya siku hiyohiyo. Mimi nilifanya hivyo kwa Game Boy ya kijivu, ile ya mwaka 1989, niliyoletewa na mpwa wangu. Nikatoa spika ya zamani, nikachomelea mpya, nikafunga, nikawasha: kimya kilekile. Kesho yake nikachomeka hedifoni, muziki ukaja safi masikio yote mawili. Nilipoichomoa, spika ikalia kwa nusu sekunde hivi, ikanyamaza.

Ile nusu sekunde ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Spika ya zamani haikuwa na ubaya wowote. Kilichoharibika ni kibati chembamba ndani ya tundu la hedifoni, ambacho hakikuwa kinarudi mahali pake plagi ikitoka. Nilitumia jioni nzima kutibu kiungo kizima.

Njia ya sauti ni fupi na inafuatika. Sauti huanzia kwenye chipu, hupita kwenye kidhibiti cha sauti (gurudumu, kitelezo au vitufe viwili), huingia kwenye amplifaya (kikuza sauti), hufika kwenye tundu la hedifoni, na hapo ndipo inapogawanyika: iende masikioni au iende kwenye spika. Kwenye konsoli za miaka ya karibuni baadhi ya hatua hizo zimekusanywa ndani ya chipu moja, lakini mgawanyiko wa mwisho uko palepale. Kwa hiyo ukichomeka hedifoni umeikata njia nzima vipande viwili bila kugusa skrubu hata moja.

Hedifoni ikilia vizuri, basi chipu, kidhibiti na amplifaya kwa kawaida ni vizima. Tatizo limebaki kwenye tundu, waya au spika. Hedifoni ikiwa na kasoro ileile ya spika, usiifikirie spika kabisa. Tatizo liko nyuma ya tundu. Hedifoni ikiwa kimya na spika inalia, angalia tundu, na kabla ya hapo jaribu hedifoni nyingine, maana waya wa hedifoni hufa kabla ya konsoli mara nyingi sana. Game Boy Advance SP ya mwaka 2003 ndiyo yenye usumbufu hapa, kwa sababu haina tundu la hedifoni la kawaida; inahitaji adapta inayoingia kwenye tundu la chaji.

Mipangilio kwanza, kwa dakika mbili

Sipendi kuona mtu anafungua konsoli nzima iliyonyamazishwa tu. PSP, konsoli ya mkononi ya Sony, ina kitufe chenye alama ya noti ya muziki chini ya skrini. Ukikishikilia kwa zaidi ya sekunde moja, sauti inazimwa. Mtoto anakibonyeza bila kujua, na mzazi anaanza kutafuta fundi. PSP hiyohiyo ina mpangilio unaoitwa AVLS unaozuia sauti isipande kupita kiwango fulani, kwa hiyo "sauti ndogo" inaweza kuwa hiyo tu.

Nintendo Switch ina mpangilio wa kunyamazisha konsoli pale hedifoni inapochomolewa. Steam Deck, kwa kuwa ni kompyuta kamili, inaweza kuwa inapeleka sauti kwenye televisheni au kwenye kifaa cha Bluetooth kilichosahaulika chumba cha pili. Fungua mipangilio ya sauti uchague spika za ndani. Jaribu gemu mbili tofauti pia, kwa sababu gemu nyingi zina kitelezo chao cha muziki ndani. Kisha zima konsoli kabisa, si kuilaza tu, uiwashe upya.

Hedifoni inalia, spika kimya

Hili ndilo tatizo ninalokutana nalo kuliko mengine yote. Ndani ya tundu kuna kibati cha chemchemi kinachogusana na kibati kingine wakati hakuna plagi. Plagi ikiingia, inavisukuma viachane, na spika inanyamaza. Kwenye konsoli za zamani kibati hicho ndicho kinachopitisha sauti yenyewe kwenda kwenye spika. Kwenye za sasa kinaiambia tu chipu kwamba hedifoni imefika. Matokeo ni yaleyale: kibati kikishika uchafu, kutu, au kikilegea, konsoli inaamini muda wote kwamba umevaa hedifoni. Dalili ya wazi kwenye konsoli ya kisasa ni alama ya hedifoni kubaki kwenye skrini unapoongeza sauti, ilhali tundu liko wazi.

Zima konsoli. Mulika tundu kwa tochi. Utashangaa kinachokaa mle: nyuzi za mfukoni, vumbi lililogandamizwa na plagi hadi likawa kama kizibo, mara nyingine ncha ya plagi iliyovunjika. Nyuzi zitoe kwa njiti ya mbao, kamwe si kwa sindano, maana sindano huvikunja vibati. Halafu lowesha plagi yenyewe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Usiimimine ndani ya tundu. Ingiza plagi na kuitoa mara ishirini hivi huku ukiizungusha, futa, rudia. Acha dakika kumi ikauke, washa. Konsoli nyingi hupona hapa, na hakuna skrubu iliyofunguliwa.

Kama ncha ya plagi imevunjikia ndani, watu hupaka gundi kwenye kijiti na kujaribu kuivuta. Mimi siifanyi hiyo. Tone moja la gundi likigusa kibati, tundu limekwisha. Fungua konsoli uone kama ncha inaweza kusukumwa kutoka upande wa nyuma. Ikishindikana, badilisha tundu.

Ukishaifungua, toa betri kwanza au chomoa kebo yake. Weka multimita, kile kifaa cha kupima umeme, kwenye mlio wa mguso (hulia nyaya zake mbili zikiunganika), tafuta miguu miwili ya tundu ambayo inatakiwa kuunganika wakati hakuna plagi, na usikilize. Mlio uwepo tundu likiwa wazi, na ukatike plagi ikiingia. Mlio usipokuwepo kabisa, kibati hakigusi. Kwenye Game Boy ya kwanza tundu limekaa kwenye bodi yake ndogo, kwa hiyo kulibadilisha si kazi ya kuogopesha. Wapo wanaounganisha miguu hiyo kwa kipande cha waya ili spika ilie daima. Inafanya kazi, lakini tangu siku hiyo spika italia hata ukivaa hedifoni. Mfanyie mtu hivyo baada ya kumwambia.

Tundu ni zima, spika bado kimya

Sasa ndiyo zamu ya spika. Achanisha waya wake mmoja kutoka kwenye bodi, maana ukipima ikiwa imeungana na bodi utapima na vitu vingine. Spika nyingi za konsoli hizi zimeandikwa omu 8. Multimita itasoma pungufu kidogo, kama 7 na nukta, kwa sababu multimita hupima ukinzani wa umeme wa moja kwa moja na si wa sauti. Ikisoma hakuna muunganiko kabisa, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, koili ina shoti.

Kama huna multimita, chukua betri moja ya AA ya volti 1.5, gusisha nyaya za spika kwenye ncha zake mara moja na uachie. Spika nzima itasema "tk", na ukiitazama kwa makini utaona kiwambo, ule utando unaotetemeka, kikiruka. Gusa tu, usishikilie.

Ukinunua nyingine, linganisha kipenyo, unene na omu. Spika ya omu 4 mahali pa omu 8 italia, pengine kwa nguvu zaidi, lakini inaivuta amplifaya mkondo mkubwa kuliko iliotengenezewa. Kwa konsoli yenye spika moja haijalishi waya upi umekwenda wapi. Kwa yenye spika mbili inajalisha: ukigeuza nyaya za upande mmoja, viwambo viwili vitasukuma hewa kinyume, na sauti nzito itapungua bila wewe kuelewa kwa nini.

Jihadhari na bisibisi karibu na spika. Sumaku huivuta ncha ya chuma kwa ghafla, na ncha hiyo hupita moja kwa moja kwenye kiwambo.

Spika inalia, lakini inachakarika kwenye sauti kubwa

Punguza sauti mpaka nusu. Mchakariko ukiisha, sababu kwa kawaida ni kitu kinachotetemeka. Fungua uangalie kiwambo kwenye mwanga wa pembeni. Sumaku hukusanya vumbi la chuma, chembe ndogo nyeusi zilizosimama kama nywele, nazo zikigusa kiwambo hutoa mlio wa nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Ziondoe kwa gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, ile inayofinyangika kama udongo na si ya maji, ukiigusisha taratibu. Usipulizie hewa ya kopo kwa karibu, na usipake alkoholi kwenye kiwambo. Gundi inayokishikilia inaweza kulegea. Kiwambo kikiwa kimechanika, badilisha spika. Angalia pia skrubu iliyolegea, na sponji ya kuzunguka spika ambayo mtu aliyefungua kabla yako aliitupa. Bila sponji hiyo sauti hurudi ndani ya kasha na kuwa nyembamba.

Hedifoni upande mmoja, au noti zimepotea

Upande mmoja ukikosekana kwenye hedifoni, zungusha plagi ikiwa ndani. Sauti ikija na kuondoka, tundu ni chafu au miguu yake imepasuka pale ilipochomelewa. Mpasuko huo ni mviringo mwembamba kama unywele kuuzunguka mguu, na huonekana vizuri kwa lenzi ya kukuzia. Gusa kwa chuma cha kuchomelea chenye moto wa nyuzi 320 hadi 350 za Selsiasi, ongeza risasi mpya ya kuchomelea kidogo, na usikae zaidi ya sekunde tatu.

Kwenye Game Boy kuna dalili moja ya kupendeza inayowapoteza wengi. Chipu yake ina njia nne za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi linalopangwa na mtengenezaji wa gemu, na moja ya mvumo unaotumika kama ngoma. Kila moja inaweza kupelekwa kulia, kushoto au kote kuwili. Kwa hiyo upande mmoja ukifa, husikii muziki uliopungua nguvu; unasikia wimbo uliopoteza vipande, besi ipo na melodia haipo. Mtu husema gemu imeharibika. Itoe hedifoni uisikilize kwenye spika, ambayo huchanganya pande zote mbili. Wimbo ukiwa kamili hapo, gemu haina kosa.

Inakwaruza ukigusa gurudumu la sauti

Hili ni jepesi. Ndani ya gurudumu kuna njia ya kaboni na kibati kinachoteleza juu yake. Vumbi na kutu huzuia mguso. Zima konsoli, zungusha gurudumu kutoka mwisho hadi mwisho mara thelathini. Lisipopona, fungua, tone moja la kisafishaji cha viunganishi vya umeme kwenye mwanya wa gurudumu, kisha zungusha tena. Usikinyunyizie kikafika kwenye skrini. Vitelezo vya familia ya DS na 3DS husumbua kwa namna hiyohiyo na hutibiwa kwa namna hiyohiyo. Kama kuna sehemu moja tu ambapo sauti hupotea kila mara, kaboni imelika hapo, na dawa ni kubadilisha kidhibiti.

Sauti ni ndogo mno hata ukiongeza yote

Anza na matundu ya spika kwenye kasha: jasho na vumbi huyaziba. Mswaki mkavu unatosha. Betri za kutupa zikikaribia kuisha pia hupunguza sauti na kuifanya iwe ya kukoroma, kwa hiyo weka mpya kabla ya kuendelea.

Sauti ikiwa bado ndogo, na konsoli ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, fikiria kapasita, vile vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwenye bodi. Game Gear ya Sega, iliyotoka Japani mwaka 1990, ina sifa hiyo kuliko zote. Kapasita zake za elektroliti huvuja kwa uzee, na sauti ina bodi yake ya pekee ndani ya kasha. Mwenye konsoli husema: "Nikiiweka sikioni nasikia kwa mbali." Hiyo sentensi peke yake inanitosha kuagiza seti ya kapasita. TurboExpress ya miaka ileile huugua ugonjwa huohuo.

Ukifungua bodi ya sauti utaona risasi kwenye miguu ya kapasita imepoteza mng'ao, imekuwa ya kijivu, pengine na unyevu wa mafuta kuizunguka. Ukiigusisha moto, inatoa harufu kali ya samaki. Hicho ni kimiminika kilichovuja, nacho hula njia za shaba. Kwa hiyo kazi si kubadilisha kapasita tu, ni kuosha pia: toa zote, sugua kwa alkoholi na mswaki laini, kausha, ndipo uweke mpya.

Kuzitoa kunahitaji subira. Weka risasi mpya kwenye miguu yote miwili, pasha huku na huku kwa zamu mpaka kapasita ianze kuelea yenyewe. Kwenye Game Gear yangu ya pili nilivuta mapema kidogo, upande mmoja ukiwa bado haujayeyuka, na kidude cha shaba kikabanduka pamoja na mguu. Ilinibidi nikwangue njia ya karibu na kuunganisha waya mwembamba kama unywele chini ya lenzi. Ililia, lakini ningependa usipitie pale.

Uwezo wa kapasita mpya, ule wa maikrofaradi, uwe uleule. Volti ziwe zilezile au zaidi. Upande wa chanya na hasi usikosee: kwenye kapasita ya elektroliti ya alumini, mstari unaonyesha hasi, kwenye ya tantalamu, mstari unaonyesha chanya. Watu wengi wameunguza tantalamu kwa kudhani alama ni moja. Na Game Gear usiishike bodi zake ikiwa inawaka, kwani taa ya nyuma ya skrini yake hutumia volti nyingi sana.

Sauti inakatika ukikunja kifuniko

Kwenye DS, DS Lite na 3DS spika ziko pembeni ya skrini ya juu, kwa hiyo sauti lazima ipite kwenye bawaba. Kila unapofungua na kufunga, nyaya au kebo bapa hukunjwa. Sauti ikikatika kwenye pembe fulani ya kifuniko na kurudi kwenye nyingine, au upande mmoja ukafa baada ya bawaba kuvunjika, umepata jibu. Kebo bapa iliyopasuka mimi siichomelei. Hukatika tena sentimita moja mbele. Badilisha kebo nzima, na kabla ya kuitoa piga picha jinsi ilivyozungushwa ndani ya bawaba, kwa sababu kuipitisha upya ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote.

Mvumo au mluzi usiokoma

Chomoa chaji. Mvumo ukiisha, chaji ndiyo mwenye kosa. Ukibaki, badilisha mwangaza wa skrini huku ukisikiliza. Mluzi ukipanda na kushuka pamoja na mwangaza, kelele inatoka kwenye umeme wa skrini na kuingia kwenye njia ya sauti. Hutokea sana kwenye Game Boy zilizowekewa skrini mpya zenye taa, kwa sababu bodi ya zamani haikupangwa kulisha mzigo ule. Tenganisha kebo ya skrini na nyaya za spika kadiri kasha linavyoruhusu, safisha swichi ya kuwashia, na kama umeme bado una kelele, kapasita ya kuchuja karibu na mahali skrini inapochukua umeme husaidia.

Inakatika-katika kila mahali

Konsoli zinazoigiza mashine za zamani zikikwaruza kwenye gemu nzito tu, spika na hedifoni sawasawa, hapo hakuna cha kuchomelea. Prosesa haiwahi kutoa sauti kwa wakati. Punguza mapambo ya picha, au ongeza muda wa kuhifadhi sauti: kwenye RetroArch, programu ya kuigizia konsoli za zamani, kutoka milisekunde 64 hadi 96 au 128. Sauti itachelewa kidogo, lakini itakuwa nzima.

Kuchelewa kwa Bluetooth nako si ubovu. Switch ilipata sauti ya Bluetooth kupitia sasisho 13.0.0 la Septemba 2021, na ikiwa inatumika, vidhibiti visivyo na waya haviwezi kuzidi viwili; ukiunganisha cha tatu na kikakataa, au hedifoni ikakatika, ndiyo sababu.

Kimya kote kuwili, na yote yamepimwa

Kama konsoli iliwahi kulowa, fungua na uioshe bodi kwa alkoholi hata kama inawaka. Kukausha peke yake huacha chumvi inayoendelea kula shaba. Kama ni betri za alkali zilizovuja, pangusa kwanza kwa siki iliyochanganywa na maji, halafu alkoholi. Baada ya hapo kilichobaki ni amplifaya au chipu ya sauti, na kwa konsoli za kisasa hiyo ni kazi ya mashine ya hewa ya moto na mkono uliozoea. Kwa hatua hiyo ningeipeleka kwa mtu anayeifanya kila siku.

Ukimaliza, usikaze skrubu zote. Funga mbili tu za kushikilia kasha, hakikisha hakuna waya wa spika uliobanwa kwenye ukingo, washa. Sikiliza kwa sauti ndogo, ya kati, kubwa. Chomeka hedifoni, chomoa, chomeka tena, mara tano. Kifuniko kama kipo, kifungue na kukifunga muziki ukiendelea. Spika ikirudi kila mara plagi inapotoka, bila kulia nusu sekunde tu na kunyamaza, kaza skrubu zilizobaki.